Pipa Lenye Matundu Pale Kitaluni

Siku mliyokuja nyumbani kuniaga, mmoja wenu aliniuliza mbona lile pipa la kuoteshea bogenvilia limetobolewa kila upande, na kwa nini kila mlipotaja kulitupa nilikuwa nang'aka. Nikajifanya sikusikia. Keki ilikuwa mdomoni, na habari zenyewe si za kusimuliwa watu wakitafuna. Mwingine akauliza yule kijana mrefu wa Kiorma aliyeleta kibuyu cha maziwa ni nani. Nikamjibu ni mwanangu, mkacheka wote, maana mimi ni mfupi kama kinu na yeye hafanani nami hata ukucha. Haya, sasa nimestaafu, hakuna wa kunituma, na maswali yenu mawili yana jibu moja.

Nilifika pale kitaluni, nje kidogo ya Garsen, nikitoka kwetu Wenje, nimeolewa juzijuzi tu. Niliambiwa nitafanya kazi ya maua, kwa hivyo siku ya kwanza nikavaa viatu vyangu vya sikukuu. Nikapewa ndoo mbili, nikaonyeshwa mto. Hadi jioni viatu vilikuwa vimemezwa na ule udongo mweusi ambao ukikauka unakuwa saruji. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Maro, Mpokomo wa Idsowe, mwembamba, mkimya, mwenye kofia iliyochakaa mpaka ikawa haina rangi ya kutajika. Hakunisemesha siku nzima. Nilipomaliza kumwagilia kitanda cha mwisho cha miche akaniangalia miguu, akaniambia kesho nije pekupeku, akaenda zake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukata. Nyinyi siku hizi mnafundishwa darasani na ni vizuri, lakini bado nawaona mnafanya mambo ya ajabu. Tawi la kukata lisiwe changa la kijani linalolegea, wala gumu la kuchomea mkaa. Chukua lile lililo katikati, ukilikunja linakataa kidogo kisha linakubali. Chini kata mshazari, karibu kabisa na kifundo, kwa sababu mizizi hutokea pale; juu kata mlalo. Si urembo huo. Ni ili ujue kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, maana tuliwahi kuwa na bwana mmoja aliyepanda hibiskasi kitanda kizima kichwa chini, akakaa anazisubiri. Punguza majani, yaliyobaki yakate nusu, yasinywe maji ambayo kijiti hakina. Chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, funika na karatasi ya nailoni, weka kivulini. Halafu ondoa mikono. Huu ugonjwa wenu wa kuvuta kila kijiti kuona kama kimeshika mizizi ndio unaoua miche kuliko jua la Garsen.

Visu navyo vilikuwa na sheria. Kwetu huku mawe hayapo, ni udongo na mchanga tu mpaka unachoka, kwa hivyo Mzee Maro alinolea visu vyake kwenye kitako cha kikombe cha udongo kilichovunjika mkono. Alikuwa na kisu cha bogenvilia, hibiskasi na asmini, na kingine alichokifunga uzi mwekundu kwenye mpini. Hicho kilikuwa cha oleanda peke yake. Mkiniona nikiwakemea mnaposhika kisu kwa meno ili mfunge fundo, hiyo tabia ya kukemea nilirithi. Mzee aliyekuwa hainui sauti, mimi aliniinulia siku nilipoweka kile cha uzi mwekundu mdomoni. Akanifanya nisukutue mpaka taya zikauma.

Oleanda ni maua mazuri, sibishi. Mekundu, meupe, ya waridi, yanachanua jua likiwa linapasua vichwa. Na kwa nini yalipendwa Garsen? Kwa sababu mbuzi wa Garsen anakula boksi, anakula kamba, anakula kanga iliyoanikwa, lakini oleanda mbichi akiinusa anageuka. Kila ofisi ilitaka ua wa oleanda. Wasichokijua wengi ni kwamba mbuzi anageuka kwa sababu ana akili. Jani lake ni sumu, tawi ni sumu, na maji yaliyolala na vijiti vyake ni sumu. Tena likinyauka ule uchungu wake unapungua lakini sumu haipungui, na hapo mnyama mwenye njaa anatafuna.

Sasa, oleanda inashika mizizi upesi ikisimamishwa ndani ya maji. Mzee Maro alivifunga vijiti mafungu mafungu, akavisimamisha ndani ya pipa la chuma nyuma ya banda, akafunika na mbao, juu ya mbao akaweka matawi ya mgunga yenye miiba. Maji yalikuwa ya mto. Na mnajua maji ya Tana yalivyo, ukiyateka ni kama chai ya maziwa. Kila nyumba huyaacha yatulie mpaka tope lishuke chini, ndipo yanywewe. Kwetu maji yakiwa maangavu maana yake kuna mtu ameyatunza. Hakuna mtu wa mto huu anayeona maji maangavu ndani ya pipa lililofunikwa akafikiria sumu. Anafikiria mwenye nyumba mwangalifu.

Ndipo ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba, ambayo watu wazima wote mnaowajua huku wanaitaja kwa jina la El Nino kama wanaomtaja jirani mbaya. Mto uliacha njia yake, ukaingia mashambani, ukaingia majumbani. Idsowe ikawa maji, barabara ikakatika huku na huku. Kitalu chetu kilikuwa kwenye mwinuko kidogo, basi watu wakapanda huko, Wapokomo na magunia yao ya mahindi mabichi, Waorma na ng'ombe wachache walioponea. Tukakaa pamoja, na msidhani ilikuwa raha. Miaka ile mkulima na mfugaji walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni kwa ajili ya malisho na mashamba. Ng'ombe mmoja akiingia kwenye shamba la mtu ilitosha watu kushika mapanga. Sasa hapo tulibanana kama dagaa, tumelowa, tuna njaa, na kila mtu ana hasira yake aliyokuja nayo. Mimi nilikuwa na binti yangu Asha mgongoni, ananyonya bado, na usiku nilikuwa nikisikia kikohozi upande ule na kikohozi upande huu najiuliza nani ataanza.

Katika Waorma alikuwako bibi mmoja, Hawo. Tulimwita Ako, ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Alikuwa na mjukuu wake Barisa, mchanga, ameanza tu kushika shingo. Mama yake Barisa alishikwa na homa kali ikabidi avushwe kwa boti apelekwe hospitali, na botini hawakukubali mtoto. Kwa hivyo Ako alibaki na mtoto na ng'ombe mmoja wa maziwa, Gurati, mweusi tii, mbavu zinahesabika. Yale maziwa kidogo ya Gurati ndiyo yaliyokuwa uhai wa Barisa. Ndege ilikuwa ikidondosha mahindi na maharagwe, na mtoto wa umri ule hatafuni maharagwe. Kila mtu mwinukoni alilijua hilo. Hata wale waliokuwa hawasalimiani na Ako walikuwa wakimpisha Gurati apite.

Mzee Maro alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyotuponza. Kina mama wanyonyeshao walikuwa wakilala kwenye tope, akatoa mbao zote za kitaluni walalie, pamoja na zile za kufunika pipa. Juu ya pipa akaweka gunia na ile miiba, akawaambia watu maji yale si ya kunywa. Aliwaambia Wapokomo kwa Kipokomo na wengine kwa Kiswahili, lakini kila siku walikuja watu wapya. Kisha mtu akaichukua miiba akazungushia ndama wasitoroke. Likabaki gunia.

Asubuhi nilipokwenda kutazama kama vile vijiti vimeanza kuvimba vifundo, nikakuta gunia liko chini na maji yamepungua sana. Mafungu ya oleanda yalikuwa yametolewa, yamelazwa kando, yameanza kunyauka, na mengine yametafunwa. Wazo langu la kwanza lilikuwa watoto. Nilianza kwenda hema kwa hema, kama zile turubai ni za kuitwa hema, nikiuliza nani ameteka maji nyuma ya banda, na kila aliyetikisa kichwa alinipunguzia pumzi badala ya kuniongezea. Nilifika kwa Ako mwisho. Alikuwa amekaa, kibuyu cha maziwa kiko mapajani, birika liko karibu na moto usiotaka kuwaka, Barisa amelala. Gurati alikuwa amesimama pembeni anacheua.

"Ako, maji ya lile pipa umeyachukua wewe?"

"Nimechukua. Maji safi ile," akanijibu, bila kuinua macho. "Nyinyi nalala na maji safi, sisi nakunywa tope?"

Nikamuuliza kama mtoto amekunywa. Akasema bado, kwao mwenye maziwa hunywa kwanza: maji mazuri yakipatikana huanza ng'ombe, kwa sababu ng'ombe akikauka watu wote wamekauka. Alimpa Gurati karai mbili, akamwacha atafune yale majani, akamkama. Maji yaliyobaki yalikuwa birikani ya kuchanganya na maziwa ya Barisa akiamka. Nililipiga teke lile birika likamwagika motoni. Ako akasimama na fimbo yake, na wanaume wa upande wao wakasimama pia.

Nikamweleza kwamba majani yale ni sumu, maji yale ni sumu, na maziwa yaliyo kibuyuni asimpe mtoto. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mwizi anayejieleza. Nami ningekuwa yeye ningeangalia hivyohivyo. Mpokomo anakuja asubuhi, anamwaga maji yako, anakuambia umwage na maziwa.

"Ng'ombe nasimama. Nacheua," akasema. "Sumu gani hii?"

Barisa akaamka, akaanza kulia kwa njaa. Watu wakazidi kukusanyika, Waorma nyuma yake, wa kwetu nyuma yangu, na sikupenda hata kidogo jinsi tulivyokuwa tumejipanga. Mzee Maro akafika na kofia yake mkononi. Alipita katikati yetu, akaenda kuyaangalia yale majani yaliyotafunwa, akarudi. Angeweza kusema alionya, na ilikuwa kweli. Hakusema.

"Mama, pipa ni langu," akamwambia Ako. "Niliyaweka mimi yale majani. Ng'ombe huyu ataanguka leo, na mimi sina la kumfanya. Nakuomba mtoto tu."

Mzee mmoja wa Kiorma akamtafsiria, na maneno yale yalipoingia kwao kulitokea mngurumo nisiousahau. Ako alikibana kibuyu kifuani. Akaniuliza mimi, si Mzee Maro, akimwaga hayo mtoto atakunywa nini. Nilikuwa sijafikiria kitu. Ila mtoto alikuwa akilia, na mliozaa mnajua, maziwa yangu yalikuwa yamekwisha kulowesha dera bila kuniomba ruhusa. Nikamwambia atanyonya kwangu.

"Wewe nashika sumu kila siku," akasema. "Umeniulia ng'ombe, sasa nataka mtoto?"

Iliniuma mpaka nikataka kumjibu vibaya, na mimi kujibu vibaya sihitaji msaada. Nikaenda kuchukua majivu na sabuni, nikaja kunawa mbele yake mpaka kwenye viwiko, nikavaa dera safi la kuazima, nikakaa chini mahali anaponiona vizuri. Kisha nikamtoa Asha mgongoni nikamnyonyesha. Nilitaka aone kwamba ninayempa ni wangu kwanza. Ako alitazama. Akakitundika kile kibuyu kwenye nguzo ya turubai, hakumwaga, hakumpa mtoto. Akakaa na Barisa analia, anamtazama Gurati.

Ule ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa. Hakuna aliyeondoka. Barisa alilia mpaka sauti ikakwaruza, na kila akipumzika watu wote tulikuwa tunamgeukia ng'ombe. Naona haya kusema, lakini nilikuwa nikimwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana. Kwamba Gurati asife. Na kwamba kama atakufa afe haraka, kabla bibi hajachoka na kile kilio akanyoosha mkono kwenye nguzo. Na kweli aliunyoosha mara moja, akakishika kibuyu, akakitikisa kidogo. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amekirudisha.

Gurati aliacha kucheua. Akapanua miguu ya mbele kama aliyesimama juu ya mtumbwi, akaanza kutetemeka mapaja, povu likamtoka. Akapiga magoti. Alipolala ubavu, vijana wawili wa Kiorma walichomoa visu wamwahi achinjwe kabla hajafa, maana nyama ya mzoga ni haramu na watu hawakuwa wameonja nyama tangu maji yaje. Mzee Maro akajilaza juu ya shingo ya yule ng'ombe. Mtu mzima, na kofia yake, ndani ya tope. Akawaambia wakitaka kukata wamkate yeye kwanza, nyama ile inaua kama maji yalivyoua. Kijana mmoja akamshika shingo ya shati amwondoe. Nikaona upande wetu mtu anainama anaokota panga, na nikajua kwamba hapo sasa tumefika.

Ako akainuka. Alikwenda kwenye nguzo, akakitungua kibuyu, akaja nacho mpaka walipo wale vijana, akakipindua. Maziwa yakamwagika chini mbele ya miguu yao, yote, mpaka akakipiga kofi kitako kitoe la mwisho. Nyinyi mliokulia mjini hamtajua maana ya mwanamke wa Kiorma kumwaga maziwa kwa mkono wake. Pale hapakuwa na haja ya mtu kutafsiri. Vijana walirudisha visu alani, na yule wa panga akaliweka chini polepole kama kwamba hajawahi kulishika.

Kisha akaja kwangu. Aliniwekea Barisa mapajani. Mtoto alihangaika kidogo, akashika, akanyonya huku machozi yangu yanamdondokea kwenye sikio. Ako alikaa karibu, karibu kabisa, magoti yetu yanagusana, mkono wake uko kwenye kifua cha mtoto kuhesabu pumzi. Alikaa hivyo mpaka mtoto akalala.

Tulimzika Gurati pamoja na oleanda zote, chini sana. Hatukuzichoma, moshi wake nao si mzuri, hilo mliandike. Mzee Maro akachukua sururu akaenda nyuma ya banda, na tulimsikia akilipiga lile pipa mpaka mikono ikamchoka. Hakutaka lishike maji tena maisha yake yote. Mimi niliendelea na kazi yangu mpya. Asha hakupenda kabisa kugawana, alikuwa akimsukuma mwenzake kwa mguu. Nilikonda nikawa ufito, na wanawake wa Kiorma, ambao hawakuwahi kunisalimia, wakawa wananiletea uji kabla sijaamka.

Maji yalipopungua mama yake Barisa alirudi, yuko mzima, akamkuta mtoto ana mashavu. Alimnyooshea mikono, mtoto akajificha kwangu. Yule mwanamke alicheka na kulia kwa pamoja, nami sikujua nitazame wapi. Ndipo wazee wa Kiorma wakaitisha kikao cha kudai ng'ombe wao. Ilikuwa haki yao, na Mzee Maro alikwenda tayari kukubali chochote, ingawa hakuwa na hata kuku aliyebaki. Wanaume walizungumza sana. Kila upande ulitoa na mambo ya zamani yasiyohusu ng'ombe huyo, sauti zikaanza kupanda, na mimi nikaanza kumtafuta Asha kwa macho ili nijue nitakimbilia wapi naye.

Ako alikuwa nyuma, na kwao mwanamke haingilii kikao. Akaingilia.

"Ng'ombe yangu nanyonyesha mtoto," akasema. "Imekufa. Huyu naye nanyonyesha. Mtoto iko hai." Akanionyesha kwa fimbo. "Sasa nadai nani? Nadai mama ya mtoto wangu?"

Wote pale, wao na sisi Waislamu wa Wenje, tunajua hukumu ya dini juu ya mtoto uliyemnyonyesha: ameshakuwa wako, na wanao ni ndugu zake. Mmoja wa wazee akaomba dua. Kikao kikaisha.

Kwa hivyo msilitupe lile pipa. Yale matundu yanatoa maji vizuri, na katika miaka yangu yote sikuwahi kuona bogenvilia ikioza mizizi ndani yake. Oleanda msioteshe pale, hata akija mkubwa gani na barua. Kisu cha uzi mwekundu kiko darini kwangu na hakitoki. Na yule kijana mrefu mliyempa kiti cha nyuma akiwa ameshika kibuyu chake cha maziwa, mkanicheka nilipowaambia ni mwanangu, akija tena mpeni kiti cha mbele. Sikuwa nawatania.